Kichwa cha Garimoshi ni Kipi?

Yapo maneno ambayo mtu huyatumia maisha yake yote bila kuyashuku hata mara moja. Neno kichwa ni mojawapo. Kuna kichwa cha habari, kichwa cha shairi, na kwa watumiaji wengi wa Kiswahili, hasa upande wa Tanzania, kuna kichwa cha treni, yaani ile injini inayovuta mabehewa. Hakuna aliyewahi kulilalamikia jina hilo. Injini hutangulia, mabehewa hufuata, mkia humalizia. Je, kuna sitiari iliyo wazi zaidi ya hiyo?

Kijana mmoja, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika taaluma ya tafsiri, aliishi na sitiari hiyo kwa amani hadi alipochagua matini ya tasnifu yake. Wenzake walichagua hadithi fupi na hotuba za viongozi. Yeye, kwa sababu ambazo hakuzieleza vyema hata katika pendekezo lake la utafiti, alichagua sura moja ya kitabu cha uhandisi kuhusu treni ndefu za mizigo. Katika ukurasa wa pili wa sura hiyo alikutana na treni yenye injini mbili mbele, mbili katikati ya mabehewa na moja mwishoni kabisa, zote zikiongozwa na dereva mmoja aliyeketi katika injini ya kwanza. Kijana alisita. Mnyama gani huyu mwenye vichwa tumboni na kichwa kingine mkiani?

Jaribio lake la kwanza lilikuwa kutafsiri neno kwa neno. Aliandika "nguvu iliyosambazwa". Msimamizi wake, mama mwenye subira nyingi lakini kalamu nyekundu isiyokuwa na subira hata chembe, alipigia maneno hayo mstari na kuandika pembeni: "Umeme?" Alikuwa na haki. Msomaji yeyote wa Kenya akiambiwa kwamba nguvu imesambazwa, atauliza nguzo zimefika kijiji gani. Kijana alirudi na "mgao wa injini". Alama nyekundu ikamrudia: mgao ni wa umeme au wa maji, na huwa ni wa kunyimwa kuliko kupewa. Akajaribu "mtawanyo wa injini". Hapo msimamizi alicheka kwa sauti, kisha akamkumbusha kwamba katika chuo kikuu cha umma, wanaotawanywa ni wanafunzi, na wanaowatawanya huja na vitoa machozi. Kikao kilimalizika kwa onyo la upole: iwapo mwisho wa mwezi ungefika kabla matini haijaeleweka kwa Kiswahili, basi ingekuwa busara kuchagua matini nyingine. Wengine katika idara walikwisha kusema waziwazi kwamba mambo ya mitambo yaachiwe Kiingereza.

Kauli hiyo ya mwisho ilimkera kijana kuliko kalamu nyekundu. Babake alikuwa mfanyakazi wa reli kwa miaka ishirini na minane, na katika miaka hiyo yote hakuna siku alirudi nyumbani akizungumzia kazi yake kwa Kiingereza.

Ndipo alipoabiri treni ya reli mpya kutoka Nairobi na kushuka Voi. Babake, mzee aliyestaafu mwaka 2006, alikuwa gadi. Yafaa ielezwe gadi ni nani, maana cheo hicho kinaelekea kusahaulika. Dereva alikaa mbele na alijulikana na kila mtoto aliyewahi kumpungia mkono. Gadi alikaa katika behewa la mwisho la treni ya mizigo, akiwa na bendera zake, kandili yake, filimbi yake na breki yake ya mkono. Watoto walipochoka kuhesabu mabehewa, yeye ndiye aliyekuwa akipita. Shuleni, wenzake kijana walimtania kwa kumwita mwana wa mkia, na ingawa alicheka pamoja nao, hakuwahi kulisimulia jambo hilo nyumbani.

Baada ya shikamoo na marahaba, baada ya chai na habari za jamaa wote, kijana alitoa karatasi zake na kueleza tatizo. Alitarajia kwamba mzee atashangaa kusikia treni yenye injini katikati. Mzee hakushangaa.

"Ni kwa ajili ya breki," alisema. "Na kulabu. Hasa kulabu."

Kijana alikuwa ameelewa kutokana na kitabu kwamba suala ni uwezo: mzigo ukizidi, ongeza injini. Kumbe hilo ndilo kosa lililokuwa likimharibia tafsiri. Kuongeza injini mbele ni rahisi. Kulabu ya behewa la kwanza ndiyo hukataa. Treni yenye uzito wa tani 10,000 ikipanda mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 100 huhitaji kuvutwa kwa nguvu ya kiasi cha tani 100 ili isirudi nyuma tu, achilia mbali kusonga mbele. Injini zote zikiwa mbele, nguvu hiyo yote hupitia katika kiungo kimoja cha chuma kilicho kati ya injini ya mwisho na behewa la kwanza. Weka injini kumi ukipenda, chuma kitakatika. Lakini nusu ya injini hizo zikihamishiwa katikati, kulabu ya kwanza hubeba nusu ya mzigo tu. Nguvu haijaongezeka hata kidogo. Imebadilishiwa mahali.

Mzee alimwita mjukuu wake aliyekuwa akicheza uani, akamtuma dukani kuleta viberiti. Vilipofika, alivifunga kumi na viwili kwa uzi, kimoja nyuma ya kingine, akaacha uzi ulegee kidogo kati ya kila viwili. Katika kile cha mwisho alitia changarawe. Kisha akaweka sufuria juu ya meza na kuizungushia viberiti hivyo kama reli inavyozunguka kilima. Alipovuta kile cha mbele kwa nguvu, viberiti vya katikati viliacha mstari, vikavutwa kuelekea sufuria na kuangukia upande wa ndani wa kona. Naam, hivyo ndivyo treni ndefu inayovutwa kutoka mbele pekee inavyoweza kuacha reli: mvutano hutaka kuunyoosha mstari uliopinda, na mabehewa matupu, yasiyo na uzito wa kuyashikilia chini, ndiyo hutangulia kung'oka. Alijaribu tena, safari hii akisukuma kutoka nyuma tu. Viberiti vilijikunja na kuangukia upande wa nje. Mara ya tatu alivuta kwa kidole cha mkono wa kulia na kusukuma kibiriti cha saba kwa kidole cha kushoto. Msafara ukazunguka sufuria taratibu bila kuacha mstari. Mjukuu alipiga makofi na kutaka kujaribu mwenyewe.

"Unaona," mzee alisema, "fungu hili linavuta lake, na fungu hili linavuta lake."

Kijana aliliandika neno fungu pembeni mwa karatasi, bila kujua bado kwamba ndilo alilolifuata Voi.

Kuhusu breki, mzee hakuhitaji viberiti. Breki za hewa hutegemea bomba moja linalopita chini ya treni nzima, likiunganishwa kati ya behewa na behewa kwa mpira. Bomba likijaa hewa yenye shinikizo, breki huachia. Dereva akipunguza hewa, breki hushika. Ni mpango wa busara, kwa maana treni ikikatika mpira nao huchomoka, hewa hutoka na kila kipande husimama chenyewe. Kasoro yake ni moja. Habari ya kupungua kwa hewa husafiri ndani ya bomba lenyewe, na haiwezi kwenda kasi kuliko sauti. Behewa la mbele hushika kwanza. La mwisho hupata habari baadaye. Katika muda huo mfupi, mabehewa ya nyuma yangali yakienda kwa mwendo wa awali, na huyapanda yaliyo mbele kwa kishindo ambacho dereva hakihisi. Gadi hukihisi. Mzee alisema kwamba aliijua tabia ya kila dereva kwa mgongo wake.

Kuachia breki ni polepole zaidi, kwa kuwa hewa sharti ijae tena kutoka mbele hadi nyuma. Hapo ndipo mzee aliposimulia usiku mmoja katika mbuga ya Tsavo. Treni ilikuwa imesimama kwenye mwinuko. Dereva, ambaye alikuwa na haraka zake, alianza kuvuta kabla mabehewa ya nyuma hayajapata hewa ya kutosha. Mbele kulikuwa huru, nyuma kulikuwa kumeshikwa. Mzee alisikia mlio kama wa bunduki, kisha behewa lake likatulia tuli. Mbali kule mbele aliona taa za injini zikisogea kidogo, halafu nazo zikasimama. Kulabu ilikuwa imekatika katikati ya treni.

Kanuni ilimtaka gadi ailinde treni yake kwa nyuma. Alichukua kandili na fataki za reli, zile zinazolipuka zikikanyagwa na gurudumu ili kumwonya dereva wa treni inayofuata, akashuka na kutembea gizani kuelekea alikotoka. Hakusema kama aliogopa. Alisema tu kwamba alihesabu mataruma kwa sauti kubwa, ili chochote kilichokuwa vichakani kijue kwamba kuna mtu. Historia ya reli katika sehemu hizo inafahamika. Mwaka 1898 simba wawili waliwaua wajenzi wa daraja la Tsavo, na hakuna mfanyakazi wa reli wa Voi asiyekijua kisa hicho. Mamake kijana, aliyekuwa akichambua mchicha mlangoni, aliinua uso. Katika miaka yote ya ndoa yao alikuwa hajaambiwa habari za usiku huo.

Kijana naye alikuwa na ya kusimulia. Alimweleza babake kwamba katika miaka ya 1960 kampuni ya reli ya Southern nchini Marekani ilianza kuziongoza injini za katikati ya treni kwa redio, na kwamba kufikia miaka ya 1970 treni za makaa ya mawe zilivuka milima ya magharibi mwa Kanada kwa njia hiyo hadi bandari ya Roberts Bank, karibu na Vancouver. Dereva akipunguza hewa mbele, redio huziarifu injini za mbali papo hapo, nazo hupunguza hewa pale zilipo. Hivyo breki hushika kutoka sehemu mbili au tatu kwa wakati mmoja. Wakati wa kuachia, kila fungu la injini hujaza hewa upande wake. Kulabu ya usiku ule wa Tsavo pengine isingekatika.

Alimsomea pia takwimu. Tarehe 21 Juni 2001, huko Australia Magharibi, kampuni ya BHP iliendesha treni ya madini ya chuma yenye mabehewa 682 na injini 8. Urefu wake ulikuwa kilomita 7.353, uzito wake tani 99,734, na dereva alikuwa mmoja. Mzee aliomba namba hizo zirudiwe. Treni zake yeye zilikuwa na mabehewa thelathini, pengine arobaini. Akachukua kalamu ya mwanawe na kupiga hesabu nyuma ya bahasha: sauti hupita mita 340 hivi kwa sekunde, basi habari ya breki ingechukua zaidi ya sekunde 21 kufika mkiani kwa bomba pekee. "Sekunde ishirini na moja," alisema. "Huyo si gadi tena, huyo ni abiria." Afrika nayo haiko nyuma katika jambo hili. Mwaka 2019 treni ya manganizi yenye mabehewa 375 ilipita katika reli ya Afrika Kusini inayotoka Sishen hadi bandari ya Saldanha, safari ya kilomita 861, injini zikiwa zimepangwa kwa mtindo huohuo.

"Basi iite harambee," mzee alipendekeza. Lilikuwa wazo la kuvutia, na kijana alitamani kulikubali. Hata hivyo, kitabu kilimzuia. Katika harambee wote huvuta kwa mara moja na kuelekea upande mmoja. Injini hizi hazifanyi hivyo sikuzote. Treni ya kilomita mbili ikivuka kilele cha kilima, sehemu ya mbele huwa imeanza kuteremka ilhali ya nyuma ingali ikipanda. Dereva huyatenga mafungu: injini za mbele huziamuru zizuie, za nyuma aziache zisukume, na mpaka huo kati ya kuvuta na kuzuia huusogeza kadiri treni inavyovuka. Ushirika huo hauna kelele ya pamoja. Wengine huvuta na wengine hushika, na amri ni ya mtu mmoja.

Ndipo likaja swali ambalo kijana hakulitarajia.

"Na redio ikikatika? Ndani ya shimo la mlima, kwa mfano. Huko nyuma yuko nani?"

Kijana alipekua kurasa. Injini ya mbali isiyosikia redio hushikilia amri ya mwisho iliyopokea. Lakini dereva akipunguza hewa, injini hiyo huhisi mabadiliko katika bomba la breki, nayo huacha kuvuta. Mzee aliridhika. "Kwa hiyo bomba bado lina kazi," alisema, kama mtu aliyeambiwa kwamba rafiki wa zamani hajaachishwa kazi. Kisha akarudia nusu ya pili ya swali lake. Huko nyuma yuko nani?

Hakuna mtu. Kijana alilazimika kulisema hilo, na baada ya kulisema akaona afadhali aseme yote. Tarehe 5 Novemba 2018, katika reli hiyohiyo ya Australia, dereva wa treni yenye injini 4 na mabehewa 268 yaliyojaa madini alisimama na kushuka kukagua hitilafu. Alikuwa peke yake. Treni iliondoka bila yeye. Ilikimbia kilomita 92 ikiwa haina mtu hata mmoja ndani yake, hadi waongozaji waliokuwa mjini Perth walipoielekeza kwa makusudi mahali ambapo ingeacha reli. Hakuna aliyeumia. Ikumbukwe kwamba kisa hicho hakikusababishwa na mpangilio wa injini. Chanzo chake kilihusu breki na namna zilivyofungwa. Lakini mzee hakuwa akifikiria chanzo. Alikuwa akimfikiria yule dereva, ambaye alikuwa na karibu kilomita tatu za treni za kukagua kwa miguu, na kila alipofika aliiacha sehemu iliyobaki bila macho.

Walinyamaza kwa muda. Nje, upande wa reli mpya, treni ya makontena ilipita, na wote wawili waligeuka kuiangalia. Kijana alitazama mbele. Mzee alisubiri mwisho wake upite.

Jioni hiyo waliketi tena kutafuta maneno. Injini anamokaa dereva waliiita injini kiongozi, na zile za mbali wakaziita injini fuasi, kwa kuwa zinafuata amri hata kama mwelekeo wa treni haujazipa nafasi ya kufuata kitu kingine. Mtindo wenyewe waliuita uvutaji wa mafungu: fungu la mbele, fungu la kati, fungu la nyuma. Si jina la kupendeza sana, na huenda wataalamu wa istilahi watapata bora zaidi. Sifa yake ni kwamba gadi mstaafu alilielewa bila kufafanuliwa, na mamake kijana pia, kwani sokoni mchicha huuzwa kwa mafungu.

Likabaki neno kichwa. Kijana alieleza kwamba katika tafsiri hawezi kuziita injini zote vichwa. Mzee hakuona ugumu. Kichwa, alisema, ni pale alipo mtu. Injini isiyo na mtu ni injini tu, hata ikiwa mbele.

"Basi hata behewa lako lilikuwa kichwa," mamake kijana alisema kutoka jikoni. Mzee alimwambia asimharibie mtoto masomo.

Msimamizi alizisoma kurasa mpya wiki iliyofuata. Alibadilisha viunganishi viwili, akauliza kama "fuasi" haingefaa kuandikwa "mfuasi", akakubali ilivyo baada ya mjadala mfupi kuhusu ngeli. "Uvutaji wa mafungu" alilipita bila kuligusa. Kalamu nyekundu ilisimama mahali pamoja tu, katika maelezo ya jinsi treni zilivyolindwa zamani, juu ya neno gadi. Aliandika kwamba wasomaji wa leo hawatalielewa, hivyo litolewe maelezo mafupi chini ya ukurasa, yasiyozidi mistari mitatu.

Kijana aliandika: "Mfanyakazi wa reli aliyekaa katika behewa la mwisho la treni." Huo ulikuwa mstari mmoja. Akautazama kwa muda, kisha akachukua simu kumuuliza babake aongeze nini.